Mtoto wa Rais na Sheria za Togo



Kijana wa fundi akitaka kazi ya karakana huanza kwa kubeba vyombo, kisha hujaribiwa. Hawezi kumwambia msimamizi, "Baba alikuwa fundi, basi nipe mshahara wake." Leo nataka tutazame jinsi Urais ulivyotoka kwa baba ukaenda kwa mwana huko Togo, Afrika ya Magharibi.

Gnassingbé Eyadéma, mwanajeshi, alishika serikali mwaka 1967. Mwaka 1992 wananchi walipiga kura wakakubali Katiba iliyosema Rais atawale vipindi viwili tu. Nanyi mjue kwamba wafanya kazi walikuwamo katika vita hivyo. Novemba mwaka ule ule ulianza mgomo mkuu, ukaendelea miezi mingi, watu wakavumilia kukaa bila mshahara. Eyadéma hakutoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Desemba 2002 Bunge lilifuta mpaka wa vipindi viwili. Tena likashusha umri wa mtu kugombea Urais, kutoka miaka 45 hadi 35. Faure, mwana wa Rais, alikuwa na miaka 36! Mwaka uliofuata akapewa Uwaziri.

Mimi simlaumu mtu kwa kuzaliwa. Mtoto wa Rais ni raia, na agombee kama wengine. Lakini sheria ikikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, hiyo si sheria, ni shati lake. Hata hapa tawini, mtu akileta shauri la kubadili kanuni, muulizeni kwanza: linamfaa nani?

Eyadéma alikufa tarehe 5 Februari 2005. Katiba ilitaka Spika ashike nafasi, na uchaguzi ufanywe kwa siku 60. Spika alikuwa safarini. Mipaka ikafungwa, akakwama Benin. Jeshi likamtaja Faure. Kesho yake Bunge likamwondoa Spika, likamweka Faure mahali pake, na Katiba ikageuzwa ili amalize muda wa baba yake. Nchi jirani zilikataa, naye akajiuzulu mwezi ule ule. Uchaguzi ukafanywa Aprili, akatangazwa mshindi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 400 hadi 500 waliuawa katika ghasia zile.

Mwaka 2024 Katiba ilibadilishwa tena. Mei 2025 Faure aliapishwa kuwa Rais wa Baraza la Mawaziri, cheo chenye mamlaka yote, nacho hakina mpaka wa vipindi.