UKAGUZI WA BIDHAA NA WENYE MADUKA MADOGO
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Msuka)



Twaanza kwa kukiri kwamba ukaguzi ni haki. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu kuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, na sumu ile haionekani kwa macho. Mwenye duka asemaye kwamba bidhaa yake isichunguzwe, huyo si mwenzetu.

Lakini wazee walitusimulia habari ya mbata. Tarehe 7 Februari 1936, Unguja mjini, Wamanga waliokuwa wakifanya biashara ndogo ya mbata walikataliwa mali yao na wakaguzi kwa kuwa haikukauka. Sheria ilikuwa mpya. Fedha za mkulima zimekwisha kutoka, na hukumu ikaja mwisho wa safari. Pakazuka fujo, watu wakauawa. Hatuwatetei walioshika silaha. Ila mbata mbichi hurejeshwa juani ikakauka, na roho hairejei.

Leo iko Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, na maabara yake kubwa iko Maruhubi, ng'ambo ya bahari. Mama wa Msuka akamuaye mafuta ya nazi akapata chupa ishirini, na tajiri mwenye chupa elfu ishirini, kipimo chao ni kimoja. Tajiri huigawa gharama ile katika chupa zake asiihisi. Mama humezwa faida yote, na nauli hajaitaja.

Tulisoma chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya chakula, vidole vikapata majimaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akajibu kuwa ni mvua. Akamtaka akiweke juu kilichorowa, watu wakione, na akakemea ghushi. Tazameni: ukaguzi ulikuwa pale pale penye mali, mwenyewe akaulizwa, akaonyeshwa la kufanya. (Na wale wanaotia maji katika asali wasijifiche nyuma yetu.)

Basi tumeandika barua. Twaomba sampuli zipokewe Konde kwa siku maalumu kila mwezi, ada ifuate wingi wa mali, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na muda wa kurekebisha. Barua iko kwa Katibu. Wenye maduka na watie saini kabla ya sala ya laasiri.