Kesi Isiyo na Hakimu

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, baada ya kutazama filamu pamoja)

 

Sitawaweka sana, maana jua limepanda na wengine mna safari ya Ganze na Magarini. Nataka tuseme machache juu ya filamu hii, The Letter, yaani Barua. Waliitengeneza Maia Lekow na mumewe Christopher King, ikatoka mwaka 2019, na Kenya ikaichagua kushindania tuzo za Oscar za mwaka 2021. Lakini si habari za Oscar zilizoniliza. Nimelia kwa sababu ni mambo ya kwetu, na watu wake wanasema Kigiriama na Kiswahili kama sisi.

Wengi wetu tunapenda sinema za mahakama. Wakili anasimama, shahidi anatoa jasho, hakimu anagonga meza, na mwisho haki inajulikana. Hii nayo ni kesi, lakini mahakama yake ni uani. Kijana Karisa yuko Mombasa, anasikia bibi yake mzaa baba ametajwa kuwa mchawi. Anarudi nyumbani kuuliza: ni nani amesema, na kwa nini? Hakuna hakimu. Hakuna wakili. Mashahidi ni jamaa wenyewe. Na mshtakiwa ni mama mwenye zaidi ya miaka 90.

Huyo bibi ndiye aliyenishika moyo. Haigizi, hakuna aliyemfundisha maneno. Lakini hebu mkumbukeni uso wake. Mtu ameambiwa neno ambalo hapa kwetu laweza kumletea panga usiku, naye bado anakaa kama mwenye nyumba, si kama mgeni anayengoja kufukuzwa. Nimeona waigizaji hodari wakitetea watu mahakamani kwa maneno mengi. Huyu alijitetea kwa kuendelea kuishi tu mbele ya macho yetu.

Sasa, kesi yenyewe ilihusu nini hasa? Mkiisikiliza vizuri, chini ya neno "uchawi" mtasikia neno "shamba". Someni 1 Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Yezebeli akafanya nini? Aliandika barua! Wakatafutwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulichukua shamba. Mnaona jinsi mambo haya yalivyo ya zamani? Barua, mashahidi wa uongo, halafu shamba.

Na tusiseme dini haimo. Filamu inaonyesha jinsi jina la Yesu linavyoweza kutumiwa kumtisha mzee. Hilo ni letu sisi watu wa kanisa kulijibu.

Nami nina deni la kuungama. Miaka iliyopita niliitwa katika kikao cha familia moja ya jirani. Mama mmoja mwenye mvi aliulizwa kwa nini watoto wa nyumba ile wanakufa na yeye yupo. Nilijua swali lile halikuwa la haki. Nilinyamaza, nikanywa chai yao, nikaenda zangu. Yule mama alihamia kwa binti yake. Mvua zilipokuja, shamba lake lilipandwa na wengine. Sikumshtaki mimi, lakini kimya changu kilihesabiwa kuwa ushahidi.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Mwenye malalamiko aliambiwa ayapeleke kwa wenye mamlaka. Na kule Kaya Godoma, Ganze, palifunguliwa mahali pa kuwahifadhi wazee walioponea chupuchupu. Ni kazi njema. Lakini ni aibu pia, kwamba mzee aende kuhifadhiwa mbali na watoto aliowazaa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Je, tukiwamaliza wazee, neno litatengenezwa na nani?

Basi kila kikundi kirudi na maswali haya, kiyajadili katika mkutano ujao:

1. Katika kijiji chetu, ni mzee gani anayeishi kwa hofu? Nani huenda kumjulia hali?
2. Uvumi ukianza, ni nani kati yetu atasimama siku ile ile, si baada ya mazishi?
3. Je, mashamba yetu yamegawanywa kwa wazi, mzee akiwa hai, mbele ya wana wote na mabinti?

Hili la tatu msilipite haraka. Pale mgao unapojulikana, barua inakosa kazi.

Wanachama, katika kesi hii hakimu hayupo. Tuliopo ni sisi.