Saketi Zinazopokezana: Mantiki ya Kidijitali Bila Saa

Kwenye jengo linalomwagwa zege kwa mikono, vibarua hupanga mstari na kupokezana makarai. Hakuna anayepiga filimbi. Kila mmoja huachia karai pale tu mwenzake anapokuwa amelishika. Mhadhara huu unahusu saketi zinazofanya kazi kwa utaratibu huohuo: saketi mfuatano zisizo na saa.

Prosesa nyingi huongozwa na saa: mpigo mmoja, hatua moja. Mpango huo humrahisishia kazi msanifu, lakini kasi ya wote hupimwa kwa anayechelewa zaidi, na mipigo hula umeme hata pale ambapo kazi hakuna. Ukiiondoa saa, gharama hiyo inapungua. Papo hapo, ucheleweshaji wa kila lango na kila waya, uliokuwa umefichwa kati ya mpigo na mpigo, unajitokeza hadharani.

Chukua saketi ndogo ya kuchagua. A ikiwa 1, tokeo hufuata B. A ikiwa 0, hufuata C. Sasa B na C zote ni 1, na A inashuka kutoka 1 hadi 0. Kwenye karatasi, tokeo linabaki 1. Kwenye silikoni, ili kulifikia lango la C, A hupitia kwanza lango la kukanusha, nalo huchelewa kidogo. Lango la B limeshazima, la C bado halijawaka, na tokeo huanguka hadi 0 kisha kupanda tena. Saketi yenye saa ingesubiri tokeo litulie ndipo ilisome. Isiyo na saa, yenye mrejesho, huweza kulichukua anguko hilo kama amri na kulihifadhi. Dawa yake ni lango la tatu linalotazama B na C pekee. Aljebra ya Boole huliona la ziada. Ndilo linaloshikilia tokeo.

Tatizo la pili ni mbio. Hali ikitakiwa kuhama kutoka 00 hadi 11, biti moja itatangulia, na saketi itapitia 01 au 10. Kama njia hizo zinaishia pawili tofauti, hakuna ajuaye itatua wapi. Kwa hiyo msanifu huzipa hali namba ambazo kila hatua hubadilisha biti moja tu.

Mwaka 1954, David Huffman wa MIT alichapisha njia ya kusanifu saketi hizi kwa jedwali la mtiririko, kwa sharti kwamba saketi iachwe itulie kabla ya badiliko jingine. David Muller wa Illinois alichagua kuitikiana: kila sehemu hungoja jibu la mwenzake, kama vibarua wa karai. Kijenzi chake, kiitwacho kijenzi-C, hutoa 1 maingizo yote yakiwa 1, hutoa 0 yote yakiwa 0, na kwingineko hushikilia kilichokuwapo. Juu ya kijenzi hicho Ivan Sutherland alijenga mhadhara wake wa Tuzo ya Turing ya 1988. Katika miaka ya 1990 Steve Furber, mmoja wa wasanifu wa ARM, aliongoza huko Manchester ujenzi wa AMULET, prosesa za ARM zisizo na saa.

Na maombi mawili ya kutumia kitu kimoja yakifika kwa pamoja? Mwaka 1973 Chaney na Molnar walionyesha kwa vipimo kwamba saketi ya kuamua huweza kusita katikati, si 0 wala 1, kwa muda usiotabirika. Mpigo wa saa ukifika wakati huo, hukuta uamuzi haujapatikana, na kosa husambaa. Saketi ya kupokezana huzuia matokeo yote mawili mpaka moja lishinde, ndipo karai hupita.