Muda wa Maradhi: Mhadhara juu ya Mirudio ya Multipo Sklerosisi



Mwezi wa Desemba 1822, Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, naye akiwa na umri wa miaka 28, alisafiri hadi Uskochi kumzuru jamaa yake mpenzi, akamkuta amekwisha fariki; na muda si muda baada ya mazishi macho yake yakaingia ukungu, hata ikawa hana budi kusomewa barua zake. Macho hayo yakapona pasipo dawa yoyote. Miaka ikapita, yakapatwa tena. Na mwaka 1827, alipokuwa Florence, akaanza kuona kila kitu viwili viwili, kisha miguu ikamwishia nguvu. Yote hayo aliyaandika katika shajara yake, siku ya kuanza na siku ya nafuu, wala hakuna tabibu wa zama zake aliyejua jina la maradhi yale.

Maradhi hayo ndiyo multipo sklerosisi. Jina lilikuja mwaka 1868, pale Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipoyapambanua makovu magumu yaliyotapakaa katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa wake. Leo twafahamu kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui wa nje, huushambulia utando unaoifunika mishipa ya fahamu, hata habari zipitazo humo zikachelewa au zikakatika.

Basi, mrudio ni nini? Ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, iliyodumu kwa uchache saa 24, pasipo homa wala maambukizo. Sharti hilo la saa laonekana dogo, ilhali ndilo lenye kumwokoa mgonjwa na hofu nyingi. Mwaka 1890 tabibu Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza habari za wagonjwa ambao macho yao yaliingia giza kila walipojitaabisha, yakarejea walipopumzika. Na sasa twajua sababu ni joto la mwili, ambalo huudhoofisha mshipa uliokwisha kujeruhiwa, bila kuuongezea jeraha. Mgonjwa wa mwambao wetu, wakati wa kaskazi, aweza kuhisi adhuhuri kwamba miguu imemkana kabisa, na magharibi, baada ya kuoga maji baridi na kukaa penye upepo, akatembea kama jana yake. Huo si mrudio. Lakini ikiwa pana homa, au mkojo wamchoma, na apimwe maambukizo kabla ya jambo lolote jingine.

Mrudio wa kweli aghalabu hupanda kwa siku kadhaa, ukatua, kisha ukashuka kwa majuma au miezi. Mara nyingine hushuka wote, mara nyingine huacha baki. Katika uchunguzi mkubwa wa uvimbe wa mshipa wa jicho, ambao ni sura mojawapo ya mrudio, uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1992, waliotiwa dawa ya methilprednisoloni kwa dripu walirudiwa na nuru upesi zaidi. Lakini miezi ilipopita, nuru yao na ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa zilikaribiana sana. Dawa hiyo, basi, hufupisha taabu, nayo yastahili kutolewa mrudio unapomlemaza mtu. Ila haibadili sana atakapofikia mwishowe. Kupunguza idadi ya mirudio ijayo ni kazi ya dawa nyingine, zilizoanza kupatikana tangu 1993.

Baki hilo liachwalo na mrudio ndilo linalonikera moyoni. Uchovu wa maradhi haya hauonekani kwa macho. Mtu ameketi, uso wake mzuri, naye hana nguvu ya kuinua ndoo, na jamaa zake wakamdhania mvivu. Akiulizwa hali hujibu, "Leo ashekali," na neno hilo la adabu hutuficha habari tuitakayo: ashekali kuliko lini, na kwa saa ngapi?

Kwa hiyo nawasihi enyi mnaougua, na enyi mnaowauguza, mfanye alivyofanya d'Este: wekeni daftari, mwandike tarehe, saa, joto la mwili, na kazi iliyoshindikana siku ile. Nanyi matabibu wenzangu, mgonjwa akilileta daftari lake, lisomeni lote kabla ya kushika kalamu.