Betri ya Pili Katika Matatu

Yeyote aliyepata kusafiri jioni kwa matatu ya nambari 58 kwenda Buruburu, huko Eastlands, Nairobi, katika yale magari yaliyopambwa ambayo vijana huyaita nganya, ameziona taa za rangi na viwambo vya picha, na muziki ameusikia kwa kifua kabla ya kuusikia kwa masikio. Lakini ni nadra abiria kujiuliza umeme wa kuviendesha vyote hivyo hutoka wapi, hali gari limesimama kituoni na injini imezimwa. Aghalabu hutoka katika betri ya pili iliyofichwa chini ya kiti, na leo nimenuia kuzungumza juu ya jambo moja lihusulo betri hiyo, nalo ni namna ya kuifunga.

Tangu Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za matatu za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa Kenya wakati huo, sheria imemtaka abiria wa matatu ajifunge mkanda. Basi naona ajabu kwamba binadamu amefungwa, ilhali chuma cha risasi na tindikali kilicho nyuma ya miguu yake kimeachwa huru. Betri ya volti 12, ya kiasi cha saa-ampea 100, ina uzito wa takriban kilo 28. Sasa tufanye hesabu: gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga lori na kusimama katika masafa ya nusu mita, kila kilichomo hutaka kuendelea mbele kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wake, na hizo kilo 28 huwa kama kilo 560, yaani fahali mzima aliyerushwa kuelekea migongoni mwa watu. Manahodha wa pwani walilifahamu jambo hili bila hesabu, kwani hakuna aliyeng'oa nanga kabla ya kuhakikisha kwamba farumi imekaa imara, maadam jiwe liwezalo kuhama katika mawimbi laweza kuupindua mtepe.

Juzi nilikuwa katika karakana moja huko Kariobangi Light Industries, na pale lililetwa gari ambalo betri yake ya pili ilikuwa imekalishwa juu ya kapeti na kuzungushwa ukanda wa tyubu kuukuu, ile tuiitayo blada. "Imekaa hivyo mwaka mzima na haijasogea, fundi," alisema dereva. "Mwaka mzima wewe hujagonga, dere," akajibiwa.

Fundi yule, ambaye kwa mikono yake ni mwalimu kuliko mimi, alianza kwa kujilaza chini ya gari, kwa sababu keekee haioni, na upande wa pili wa sakafu huenda pana tangi la mafuta au bomba la breki. Kisha alichomelea fremu ya chuma cha pembe, iliyoikumbatia betri kitako na ubavu pande zote nne, akaitandika mpira, akaishikisha sakafuni kwa bolti nne za milimita 10 zilizopenya mpaka chini, na huko chini akaweka bamba la chuma kabla ya nati. Madhali bati la sakafu ni jembamba, bolti isiyo na bamba hung'oka nalo kama kifungo katika shati bovu. Skrubu zilizokazwa katika plaiwudi hakutaka hata kuzisikia. Kingo za matundu alizipaka rangi zisishike kutu. Juu ya betri alipitisha ukanda wa chuma uliovikwa mpira, usije ukagusa vichwa viwili kwa pamoja na kuzua moto, naye aliukaza kwa kiasi tu, kwani ukikazwa kwa hasira hulipasua ganda.

Hapo yabaki mambo mawili. Betri ichajiwapo hutoa hidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifikia sehemu 4 katika 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo betri iliyo ndani pamoja na abiria yapasa kuwa katika sanduku lenye kifuniko, na mpira wa kutolea gesi utoke juu ya sanduku hadi nje ya gari. Nayo fyuzi na ikae karibu mno na kichwa cha chanya, shubiri moja hivi, kwani waya uliotangulia fyuzi hauna mlinzi, na pale waya upitapo katika tundu la bati uvikwe mpira, la sivyo mtikisiko utaukata polepole. Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Fundi alipomaliza aliishika betri kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote, na gari zima likatikisika pamoja nayo. Dereva akacheka. Aliambiwa arudi baada ya juma moja la matuta na mashimo ya njia yake, ili nati zikazwe mara ya pili.