Barzilai hakuitwa mlozi



Tufungue 2 Samweli 19. Barzilai ana miaka 80. Daudi anamwalika Yerusalemu, naye anakataa: chakula hakina ladha tena, sauti za waimbaji hazisikii. Anataja udhaifu wake bila haya. Mfalme hamwiti mlozi. Anambusu, anambariki.

Na sisi? Mama mzee akipofuka, akisahau majina ya watoto, akiongea peke yake usiku, tunaanza kunong'ona. Umoja wa Mataifa unasema, katika watu wa miaka 60 na zaidi duniani, zaidi ya 46 kwa mia wako na ulemavu. Karibu nusu! Wote ni walozi?

Hapa Kongo watu hawajahesabiwa tangu 1984. Lakini sababu tunaziona: inzi wa mtoni anayeleta upofu, sukari, presha, vita ya siku sita ya Juni 2000. Vijana walioumizwa wakati ule ndio wanaozeeka sasa.

Jumapili tunatazama viti, tunasema kanisa limejaa. Yule aliyebaki kwenye parsele kwa kukosa pesa ya toleka, hatumhesabu.

Basi wiki hii kila seli ya maombi ipite nyumba kwa nyumba. Waulizeni wazee kwa upole: unaona? unasikia? unatembea? unakumbuka? Leteni majina Jumatano jioni, kabla ya maombi. Ndugu wenye toleka, tunawahitaji Jumapili saa moja asubuhi.