Mwimbie Mtoto Omena na Kiboko

Nyimbo za watoto za nyangumi na papa ni tamu, lakini mtoto wako anachokijua ni ziwa. Basi mwimbie omena, ngege, mbuta na kamongo, kwa Kidholuo au lugha yoyote ya nyumbani. Tunga mwenyewe, hakuna mtoto anayecheka sauti ya mama yake. Unapoanika omena, imba jina, nyamaza kidogo, mngoje ajibu. Hata akisema "aa" tu, mjibu. Hivyo ndivyo anavyojifunza kuzungumza. Simu haimngoji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto asiyefika mwaka 1 asiwekewe simu wala televisheni atazame.

Kiboko naye aimbwe, ila wimbo wake uwe wa kukimbia kurudi kwa mama. Lakini wimbo haumlindi mtoto: huzama kimya, hata kwenye beseni. Asiachwe ufuoni bila mtu mzima.

Na ukimwimbia kutoka nyuma, naye ametimiza miezi 6 na hageuki kabisa, usisubiri. Mlete kliniki pamoja na kijitabu cha mama na mtoto, masikio yaangaliwe.